Ardhi ikitikisika, Rukuba tunamuuliza nani?

 

Najua mlitegemea nianze na uchaguzi. Leo nazungumzia tetemeko la ardhi. Msicheke kwanza.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, ng'ambo ya ziwa hili hili, Kagera ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia wakaumia, na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupata nyufa. Kwa muda mfupi tu.

Shuleni tuliambiwa matetemeko ni ya Bonde la Ufa. Sawa, lile kubwa la Rukwa la 1910 lilikuwa huko. Ila bonde lina mikono miwili, wa mashariki na wa magharibi, na sisi na ziwa letu tumekaa katikati, juu ya pande la miamba mikongwe na migumu. Pande hilo nalo linasukumwa na kuzunguka taratibu sana. Miamba ikikaa imebanwa miaka na miaka, siku moja inateleza pale ilipopasuka zamani. Na mipasuko Mara tunayo: Isuria na Utimbara, inayotoka Kenya kuingia mkoani kwetu. Sisemi kesho itateleza. Hakuna mwanasayansi duniani anayeweza kutaja siku, na anayekutajia siku anakudanganya. Kinachowezekana ni kujua wapi pana hatari na kujenga ipasavyo. Nyumba ya tofali zilizoshikwa kwa udongo, bila linta, ndiyo inayoua.

Profesa Muhongo, aliyeingia bungeni kwa kura za jimbo hili 2015, ni mjiolojia, na Kagera ilipotikisika yeye ndiye alikuwa Waziri wa Nishati na Madini. Kwa hiyo hatuwezi kusema tulikosa mtaalamu.

Sasa hela. Watu walichanga, ndani na nje ya nchi. Januari 2017 Rais Magufuli akaenda Bukoba, akawaambia wananchi kwamba serikali haitawajengea nyumba zao, michango inaenda kwenye shule, hospitali na miundombinu. Shule zinahitajika, sibishi. Lakini mtu aliyechanga akiona picha ya bibi amelala nje, alimchangia nani? Hilo swali bado linaniwasha.

Mimi nasoma sheria, nivumilieni kidogo. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yetu. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kumjibu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 nayo inataka kamati za maafa hadi kijijini. Ya Rukuba mwenyekiti wake nani? Kimya, eeh? Hapa mgonjwa wa rufaa anavuka kwa mtumbwi. Wakiwa ishirini, na ziwa limechafuka?

Nimeandika rasimu ya barua kwenda halmashauri. Tunauliza mambo mawili: kamati yetu ni akina nani, na mpango wa kuwavusha majeruhi ukoje. Sio barua ya chama, hata wa CCM asaini, nyumba haichagui kadi. Karatasi iko hapa mbele. Kalamu ni mbili tu, tupokezane.