Wezi Waliokula Makaroni ya Watu

Msikilizaji, wezi wanabomoa ukuta usiku. Wanaamini upande wa pili kuna kasiki ya nyumba ya rehani. Tofali linaanguka, wanachungulia, wanakuta jiko la nyumba ileile waliyoingilia. Wametoboa ukuta usio wenyewe. Basi wanaketi, wanakula makaroni na dengu za mwenye nyumba.

Ndiyo filamu ya Italia I soliti ignoti, aliyoiongoza Mario Monicelli mwaka 1958. Miaka mitatu nyuma Jules Dassin alikuwa ametoa Rififi kule Ufaransa, yenye majambazi mahodari wanaofungua kasiki kimyakimya. Monicelli akaleta watu wa Roma wasiojua kazi, na wenye njaa.

Watu huisifu kwa vichekesho. Vipo, tena vitamu. Lakini mimi naipenda kwa sababu haimdharau hata mmoja wao. Tiberio, anayechezwa na Marcello Mastroianni, ni mpiga picha asiye na kamera; mkewe yuko jela kwa magendo ya sigara, naye ndiye anayembeleza mtoto. Mzee Capannelle kila ukimwona anatafuna kitu. Unacheka, kisha unajiuliza mara ya mwisho alishiba lini.

Halafu yupo Cosimo, mwenye wazo la wizi wenyewe, ambaye wenzake wamemzunguka. Anaingia peke yake kwenye nyumba ya rehani, anamwelekezea karani bastola. Karani anaipokea, anaigeuzageuza, anaanza kuikadiria bei, akidhani mteja amekuja kuiweka rehani! Ukumbi mzima hoi kwa kicheko. Muda si mrefu Cosimo anajaribu kumpora mwanamke mkoba barabarani, anagongwa na tramu, anakufa.

Kifo ndani ya komedi. Mwoga angekikata kipande hicho. Monicelli alikiacha, na wahakiki wengi wanauhesabu mtindo mzima wa komedi ya Kiitalia, ile inayochekesha huku ikiuma, kuwa ulianzia hapa.

Mwishoni Peppe, bondia wa zamani anayechezwa na Vittorio Gassman, anawakimbia polisi kwa kujichanganya na vibarua wanaogombania kuingia kwenye eneo la ujenzi. Wanamsukuma hadi ndani, geti linafungwa. Capannelle, akiwa nje, anapaza sauti kwa uchungu kumwonya rafiki yake: humo watamfanyisha kazi!