Mjukuu wa Mtemi na Mjukuu wa Mbeba Kiti



Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925, hasa kwa ajili ya wana wa watemi, ili waje kutawala kwa niaba ya Mwingereza. Walipita humo Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, na Julius Nyerere, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Mwingereza alitarajia utii. Serikali ya Nyerere huyo huyo ndiyo iliyofuta utemi kwa sheria, mwaka 1963.

Sheria ilifuta cheo. Magoti yetu haikuyafikia. Babu yangu alikuwa mbeba kiti wa mtemi wetu. Nilipoingia kidato cha kwanza hapa, mwaka 1975, kitanda cha jirani kilikuwa cha mjukuu wa mtemi yule yule. Hakuniamuru kitu. Lakini nilimchotea maji kila alfajiri, naye akaoga bila kuuliza yametoka wapi. Siku moja aliiba sukari ya bwalo, nikasema mbele ya mwalimu kwamba ni mimi. Viboko vinne. Kusema kweli, nilijivunia.

Likizo nilimsimulia babu, nikingoja sifa. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Na yeye alikuwa wapi ukichapwa?"

Alikuwa mlangoni, ndugu zangu, anatazama. Leo amekaa safu ya pili pale, na ameniruhusu niyaseme. Tumeyazungumza sisi wawili kwa mara ya kwanza jana usiku.