Muwa Hauna cha Kutupwa

(Hotuba ya mhandisi mmoja, mwanafunzi wa zamani, Siku ya Wanafunzi wa Zamani)



Nimeombwa niseme juu ya viwanda vya chakula na utunzaji wa mali. Nitasema juu ya kiwanda cha sukari tu, maana hicho ndicho ninachokijua.

Vijana, andikeni hesabu hii. Kiwanda kikisaga tani 100 za miwa, hupata kiasi cha tani 10 za sukari. Je, zile 90 zimekwenda wapi? Kiasi cha tani 30 ni makapi, na nusu ya uzito wake ni maji. Tani 3 hadi 4 ni molasi, yale maji meusi mazito yasiyoganda tena kuwa sukari. Nyingine 3 hivi ni tope la kwenye machujio. Zilizobaki, karibu zote ni maji ya muwa wenyewe.

Asiyejua ataona tani 10 za mali na 90 za takataka. Lakini makapi huchomwa katika boila, mvuke wake ukazungusha mitambo ya umeme, kisha mvuke ule ule, ukishapungua nguvu, huchemsha maji ya miwa. TPC ya Moshi imepata hata umeme wa ziada wa kuiuzia TANESCO. Tope la machujio lina fosfati. Hurudishwa shambani pamoja na majivu ya boila. Molasi hulishwa ng'ombe, au huchachushwa ikawa spiriti. Kilombero walifungua mtambo wa kazi hiyo mwaka 2013.

Lakini tusidanganyane. Kila lita ya spiriti huacha lita 10 hadi 15 za maji meusi machafu. Yakimwagwa mtoni, oksijeni humalizika majini na samaki hufa. Yakiwekwa katika matangi yaliyofungwa, hutoa gesi ya kuwashia boila, na yanayobaki yana potasi ifaayo shambani. Maji ni yale yale. Kinachotofautiana ni uamuzi wa wenye kiwanda na ukali wa wakaguzi.

Jambo la pili ni mkulima. Huko Mumias, Kenya, mwaka 2009 ulianza kazi mtambo wa umeme wa makapi, wenye uwezo wa kupeleka megawati 26 katika gridi ya taifa. Ulikuwa mtambo wa kusifiwa. Lakini, pamoja na matatizo mengine ya kampuni, wakulima walikaa muda mrefu bila kulipwa, wengi wakaacha kupanda miwa. Miwa ilipokosekana, makapi nayo yalikosekana, na umeme pia. Mwaka 2019 benki iliyokuwa ikiidai kampuni hiyo iliikabidhi kwa msimamizi. Basi tukisema kwamba kila kitu kirudi katika mzunguko, na fedha ya mkulima irudi kwake kwa wakati. Asipolipwa yeye, mtambo hauna cha kuchoma.

Vijana, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Anzeni na jiko la shule. Kwa muda wa wiki moja pimeni maganda, ukoko na mabaki ya sahani. Andikeni kilo za kila siku. Kisha muulizane: kipi kinafaa kuku, kipi kinafaa bustani, na kipi hakikupasa kupikwa kabisa? Jibu la swali hilo la mwisho ndilo litakaloiokolea shule fedha nyingi zaidi, kwani chakula kisichopikwa bure hakihitaji kuokolewa.

Kazi hiyo haihitaji mfadhili wa mbali. Yahitaji mizani, na mizani, ndugu zangu wa zamani, naomba tuinunue sisi leo kabla hatujatawanyika.