Cheo ni Dhamana: Maisha ya Admirali James Stockdale



Kamati imenipa heshima ya kuzungumza nanyi juu ya utumishi. Nimeutumikia umma kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na tangu siku ya kwanza ofisini nilifundishwa kwamba cheo ni dhamana. Maana ya maneno hayo ilinikaa vyema nilipokwisha kustaafu, niliposoma habari za rubani mmoja wa Jeshi la Majini la Marekani. Si wa damu yetu, lakini maisha yake yana funzo kwa ukoo uliotawanyika kama huu wetu.

James Stockdale alizaliwa mwaka 1923 katika jimbo la Illinois. Alihitimu Chuo cha Jeshi la Majini cha Annapolis mwaka 1946, akajifunza urubani, na mwaka 1954 akaingia shule ya marubani wa majaribio. Baadaye jeshi lilimpeleka Chuo Kikuu cha Stanford. Huko mwalimu wa falsafa alimpa kijitabu cha mafundisho ya Epictetus, mtu kilema aliyepata kuwa mtumwa zama za Warumi, aliyefundisha kwamba mtu ayatofautishe yaliyo katika uwezo wake na yasiyokuwemo.

Tarehe 9 Septemba 1965, ndege yake ilitunguliwa juu ya Vietnam ya Kaskazini. Alishuka kwa mwavuli katikati ya watu wenye hasira, akapigwa, na mguu wake ukaharibika kwa maisha yake yote. Kiongozi wa marubani akawa mfungwa kilema. Alikaa kifungoni zaidi ya miaka saba, na takriban minne kati ya hiyo alikuwa peke yake chumbani.

Sisemi kuwa vita vile vilikuwa vya haki. Yeye mwenyewe aliruka juu ya Ghuba ya Tonkin usiku wa tarehe 4 Agosti 1964, wala hakuona mashua hata moja ya adui, ijapokuwa serikali yake ilitangaza kwamba manowari zake zimeshambuliwa. Ninalolitazama hapa ni namna alivyoibeba dhamana.

Wafungwa walikatazwa kusemezana, basi wakazungumza kwa kugonga ukuta. Herufi zilipangwa mistari mitano, kila mstari herufi tano. Mapigo ya kwanza yalitaja mstari, ya pili yakataja herufi. Kwa njia hiyo Stockdale, asiye na kofia wala nyota begani, aliwaongoza wenzake. Aliwaagiza wasisome matangazo redioni, wasikiri uhalifu, na juu ya yote, umoja utangulie nafsi. Aliyeteswa mpaka akasema asilolitaka hakutupwa; wenzake walimgongea, naye akajua kuwa bado ni wao. Mwaka 1969, walipotaka kumpiga picha za propaganda, Stockdale alijikata kichwani kwa wembe na kujiponda uso kwa kigoda, asifae kuonyeshwa.

Nyumbani California, mkewe Sybil alibaki na watoto wanne wa kiume. Wakubwa serikalini waliwataka wake wa wafungwa wanyamaze. Alinyamaza kwa muda. Kisha, mwaka 1968, akasema hadharani jinsi wafungwa wanavyotendewa. Aliwakusanya wake na wazazi wa mateka na waliopotea, wakaunda umoja wa taifa zima, na mwaka 1969 akaenda Paris kuwakabili wajumbe wa Vietnam ya Kaskazini.

Stockdale aliachiliwa Februari 1973. Mwaka 1976 alipewa Nishani ya Heshima, na mwaka 1979 akastaafu akiwa admirali wa nyota tatu. Alifariki mwaka 2005. Nyota zilikuja baadaye, lakini uadmirali wake aliufanyia kazi gerezani.

Ndugu zangu, nasi tumetenganishwa na kuta. Wamo kati yetu walionyamaza kwa haya: kazi imepotea, karatasi za ukaazi hazijapatikana, au neno lilitamkwa kwenye mirathi likabaki moyoni. Mimi mwenyewe nilikaa miaka mitatu bila kumpigia simu mdogo wangu, nikingoja aanze yeye, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Niliposhika simu mwezi uliopita, nilimkuta mgonjwa, na muda wote huo alidhani nimemtupa. Ukubwa wangu ulikuwa dhamana, nami niliugeuza kiti cha kungojea salamu.

Kwa hiyo nawaomba, hasa sisi wenye mvi: kabla hatujaondoka hapa, kila mmoja achague jina moja la ndugu ambaye hakufika, akampigie hodi. Asipoitikia, apige tena.