Punje Moja Juu ya Ubao wa Sataranji



Tumeombwa tuseme machache kwa vijana. Sisi si wanahisabati. Masomo yetu yalikomea sekondari, na yaliyobaki tulifunzwa na mizani ya duka. Hata hivyo, leo tumechagua kuzungumzia nambari moja tu: 18,446,744,073,709,551,615.

Husimuliwa kwamba mwenye hekima mmoja alimpelekea mfalme wa Bara Hindi mchezo wa sataranji. Alipoulizwa atakacho, aliomba punje moja ya nafaka kwa mraba wa kwanza, mbili kwa wa pili, nne kwa wa tatu, na vivyo hivyo maradufu hadi mraba wa 64. Mfalme akacheka. Mraba wa 10 ulidai punje 512, ambazo hata kiganja hazikijazi. Mraba wa 18 ukapita laki, neno ambalo Kiswahili na Kigujarati hulishiriki. Jumla ya miraba yote ndiyo nambari tuliyoitaja. Ikiwa punje 40 za mchele ni gramu moja, basi ni zaidi ya tani bilioni 461.

Nambari hii hugawanyika kwa nambari tasa saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Mfaransa Fermat alidhani kwamba 4,294,967,297 ni nambari tasa. Mwaka 1732 Euler alionyesha kuwa ni 641 mara 6,700,417. Basi hata bingwa huhitaji mtu wa kumkagulia hesabu.

Mwaka 1883 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alitoa mchezo wa kuhamisha visahani, ukiambatana na hekaya ya hekalu la Banaras lenye visahani 64 vya dhahabu. Hekaya hiyo haimo katika maandiko yetu, lakini hesabu yake ni sahihi: kuvihamisha vyote huhitaji hatua zilezile 18,446,744,073,709,551,615. Kwa hatua moja kila sekunde, ni miaka zaidi ya bilioni 584. Mchana mmoja wa Brahma ni miaka bilioni 4.32, kazi hiyo ingemaliza michana 135 na ushee.

Kwa nini tunayasema haya? Kwa sababu sisi pia tulicheka kama mfalme. Ujanani tulikopa mtaji kwa riba ya asilimia 26 kwa mwaka, riba juu ya riba. Mwaka wa kwanza ilionekana ndogo, tukaiacha. Kwa miaka mitatu deni likawa maradufu. Kwa miaka sita, mara nne. Tulilimaliza kwa bangili za mama yetu. Hakutulaumu. Alisema tu, "Mngelihesabu mapema, wanangu."

Kila Diwali tunapoziweka daftari zetu za hesabu mbele ya Lakshmi, tunamkumbuka. Baraka haziondoi wajibu wa kuhesabu.

Vijana, kanuni hiyohiyo hujenga pia. Akiba isiyoguswa hukua hivyo, na mtu mmoja akiwafunza wawili, nao kila mmoja akawafunza wawili, elimu huenea hivyo. Haba na haba hujaza kibaba. Basi chungueni mapema ni kibaba cha nani kinachojazwa.