Fataki Zimepanda Bei: Tutalindaje Mashamba?

Natumaini kazi zinaendelea, na wale ambao mahindi yao yameanza kubeba wako macho, maana siku hizo ndizo ambazo na nguruwe mwitu naye huanza kupiga hesabu zake.

Leo sitazungumza juu ya mbolea wala palizi. Nataka tuzungumze juu ya gobore. Huenda ukashangaa: Bwana Shamba na bunduki wapi na wapi? Lakini katika ziara za ugani huko bonde la Rufiji, Kilombero na upande wa Liwale, swali ninaloulizwa sana na wazee wenye magobore ya kibali si la mbegu. Ni hili: "Bwana Shamba, fataki tutapata wapi? Na zikipatikana, mbona bei yake haikamatiki?" Mzee mmoja aliniambia wazi kwamba fedha aliyoweka ya kununulia mbegu bora ameipeleka kwenye baruti, akapanda mahindi ya mwaka jana aliyoyachambua ghalani. Hapo ndipo nilipoona kwamba hili ni jambo la kilimo.

Kwa vijana wasiojua, gobore ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Unatia baruti nyeusi mtutuni, unashindilia kwa mdeki pamoja na makumbi ya nazi au kitambaa, unatia risasi au marisau, kisha unavisha fataki kwenye chuchu yake. Nyundo ikipiga fataki, cheche inaingia ndani na moto unalipuka. Kwa hiyo vitu vitatu vinahitajika, na kimoja kikikosekana ulichoshika ni mkongojo tu. Mababu waliokuwa na bunduki za gumegume walikuwa na nafuu kidogo, kwani jiwe likichakaa walitafuta jingine. Fataki haitafutwi mtoni, hutoka kiwandani.

Je, kwa nini vitu hivi vimekuwa adimu? Sababu ya kwanza ni kwamba dunia ilikwisha hama. Tangu mwaka 1884, Wafaransa walipovumbua baruti isiyo na moshi mwingi, bunduki za kisasa ziliacha baruti nyeusi polepole, na viwanda vya kuitengeneza vikapungua. Huko Marekani, ambako watu wengi wanapenda kuwinda kwa bunduki za namna hii, kiwanda kikubwa cha baruti nyeusi kilichokuwa Minden, jimbo la Louisiana, kilitangazwa kufungwa mwaka 2021. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na kampuni nyingine, lakini kwa muda wawindaji wa huko walihangaika kutafuta baruti, na fataki nazo zilikuwa za kugombaniwa. Basi, ikiwa mwenye duka mlangoni anahangaika, itakuwaje kwa mkulima aliye kilometa mia kutoka lami?

Sababu ya pili ni usafirishaji. Baruti ni mzigo wa hatari, haipakiwi kwenye basi pamoja na kuku na magunia ya mkaa. Inahitaji kibali na ghala lake, na gharama zote hizo anazibeba mnunuzi. Mfanyabiashara naye anaona wanunuzi wa gobore ni wachache, tena wanataka kidogo kidogo, akaona afadhali auze bati na misumari.

Na si mara ya kwanza kwa nchi zetu kubanwa na jambo hili. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi mkataba huko Brussels, yakakubaliana kwamba watu wa sehemu kubwa ya Afrika wasiuziwe bunduki za kisasa, ila zile za gumegume na baruti ya kawaida. Ndiyo maana silaha za zamani zilidumu sana vijijini. Baadaye Wajerumani wakaweka sheria za kubana uwindaji na baruti, na baada ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 wakawanyang'anya watu bunduki. Mtaalamu Helge Kjekshus, katika kitabu alichokitoa mwaka 1977, alieleza jinsi wananchi walivyopoteza uwezo wa kulitawala pori, na wanyama wakarudi mashambani. Wazee wa Uzaramo wangeweza kumweleza hayo bila kitabu.

Turudi shambani. Chukua karatasi, au andika chini kwa kijiti, tupige hesabu. Eka moja ya mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 30, shina moja kila shimo, ina mashina karibu 18,000. Tuseme kila shina linakupa gramu 100 za punje. Hiyo ni kilo 1,800, yaani magunia 18 ya kilo mia. Sasa tuseme kundi la nguruwe limeingia usiku mmoja na kuangusha mashina 300. Umepoteza kilo 30, kama debe moja na nusu. Likirudi usiku kumi, magunia matatu yamekwenda. Na atarudi, maana nguruwe akishajua njia haisahau.

Upande wa pili wa karatasi andika bei ya baruti, fataki na risasi. Ongeza nauli ya kwenda mjini na kurudi, na zile siku mbili ulizozungushwa huko. Gawanya kwa nguruwe uliowaangusha kweli. Yule aliyekimbia na damu usimhesabu. Wengi niliofanya nao hesabu hii walinyamaza kidogo. Tena kumbuka kwamba jike la nguruwe mwitu huzaa watoto watatu au wanne kwa kawaida, na pengine zaidi. Unaua wawili msimu huu, msimu ujao wamekuja wengine. Adui yake mkubwa porini ni chui, na chui mmemmaliza wenyewe au amekimbia.

Sisemi gobore halina kazi. Nasema gobore likiwa ndio ulinzi wako wote, basi shamba lako linalindwa na duka la mjini.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia hofu zaidi. Kitu kikiadimika, watu hutafuta njia ya mkato. Kuna wanaopasua risasi za shotigani au za bunduki nyingine, wakamimina ile baruti yake ndani ya gobore. Ndugu yangu, usifanye hivyo hata kama nguruwe yuko mlangoni. Baruti ile haina moshi mwingi, lakini nguvu yake ni nyingine kabisa, na mtutu wa gobore haukutengenezwa kuihimili. Hupasuka, na unapopasuka uko karibu na jicho lako na mkono wako wa kushoto. Vivyo hivyo baruti ya kupasulia mawe machimboni. Hiyo ni mali ya machimbo na ibaki huko. Wengine wanasaga shura, makaa na kiberiti nyumbani, au wanakwangua vichwa vya viberiti kufanya fataki. Vitu hivi hushika moto kwa msuguano tu. Mama yuko jikoni, watoto wako uani, na baba anatwanga baruti kwenye kinu! Mkono uliokatika haushiki jembe.

Na wengine, wakikosa baruti, hugeukia sumu. Wanatia dawa ya wadudu kwenye mahindi au mihogo na kuitega njiani. Sumu hiyo haichagui. Atakufa mbwa wako, atakufa tai aliyekula mzoga, na nyama ile ikipikwa na mtu asiyejua, mtazika. Kutega bunduki kwa kamba njiani nako ni vivyo hivyo, maana njia ya nguruwe usiku ni njia ya jirani alfajiri.

Kwa mwenye gobore halali, yaani lenye leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nitasema machache. Fataki zako ziweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko, mbali na baruti na mbali na jiko. Unyevu ukiingia, umetupa fedha. Usipige hewani kwa kutisha tu, maana wanyama huzoea mlio, kisha umebaki mikono mitupu. Ukishapiga, osha mtutu kwa maji ya moto, ukauke vizuri, kisha paka mafuta, kwa sababu masizi ya baruti nyeusi hula chuma. Mtutu uliotoboka kutu ni hatari sawa na ule uliotiwa baruti ngeni.

Tena, ukiangusha nguruwe mwitu au ngiri, na hapo kijijini mnafuga nguruwe, usilete mzoga karibu na mabanda. Wanyama hao wanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe wao wenyewe wakiwa wazima kabisa. Nguruwe wa kufugwa akiipata hakuna dawa ya kumponya, na banda zima linaweza kwisha. Usiwape mabaki ya nyama hiyo. Utumbo na ngozi fukia chini sana.

Haya, tufanye nini basi? La kwanza ni mashamba ya bega kwa bega. Wazee wanalikumbuka neno hili tangu siku za vijiji vya ujamaa, na najua wengine hawalikumbuki kwa furaha. Lakini kwa ulinzi wa mazao lina maana. Shamba lililo peke yake katikati ya pori lina mipaka minne ya kulinda, na analala hapo mtu mmoja. Mashamba ishirini yaliyoshikana yana mpaka wa nje tu, na watu ishirini wa kupeana zamu. Pandeni wakati mmoja, ili mahindi yakomae wakati mmoja. Anayechelewa kupanda peke yake amewaandalia wanyama karamu yake mwenyewe.

Fyekeni ukanda wa wazi kati ya shamba na pori. Nguruwe hapendi kuvuka mahali peupe. Penye mbao au miti ya kutosha, jengeni uzio wa nguzo zilizobanana, na ncha za chini zizame ardhini, kwani yeye hainui kichwa, anainua uzio kwa pua. Handaki nalo linasaidia, ila ni kazi ya kijiji kizima wakati wa kiangazi, si ya mtu na mkewe. Madungu ya Rufiji ninayasifu sana. Mlinzi aliye juu anaona mbali, halali kwenye unyevu, na debe lake likilia la jirani linajibu. Zamu za usiku wapewe watu wazima. Mtoto aliyekesha akiamia hawezi kusikia mwalimu asubuhi.

Angalieni pia mpangilio wa mazao. Mahindi, karanga, viazi vitamu na mihogo mitamu vikae karibu na nyumba. Ufuta, pamba na pilipili vipelekeni pembezoni, kwani haviwavutii wanyama hawa vile. Kusini wengi hupanda mihogo michungu kwa sababu hiyo hiyo ya nyani na nguruwe, na si wajinga. Lakini iloweke na kuikausha sawasawa kabla ya kusaga, maana ina sumu.

Na pale ambapo kundi limezidi nguvu za kijiji, andikeni barua kupitia Serikali ya Kijiji kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Tajeni mnyama gani, mashamba ya nani, eka ngapi, na tarehe alizoingia. Barua inayosema tu "wanyama wanatusumbua" hukaa mezani. Yenye tarehe na eka humpa afisa kitu cha kushika anapoomba askari na gari.

Katika kipindi kijacho tutazungumza juu ya kukausha mahindi na kuyahifadhi ghalani.