Familia na Chombo: Biashara ya Majini Hukuaje?

(Mada iliyotolewa kwa vikundi vya wamiliki wa boti, Mwanga, Kigoma)



Tukisikia "kampuni ya meli", wengi wetu tunafikiria serikali. MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaunganishwa hapa Kigoma, ikazamishwa vitani 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi safarini 1927. Hiyo ni mali ya umma. Lakini boti za mbao zinazotoka Kibirizi na watu, dagaa na mahindi ni mali ya familia, na familia nazo zinaweza kukua.

Tazameni Azam Marine, inayovusha watu kati ya Dar es Salaam na Unguja. Ni ya familia ya Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar aliyeacha shule akiwa kijana. Hakuanza na meli. Miaka ya 1970 alikuwa na mgahawa mdogo Dar es Salaam, baadaye akaingia kwenye kusaga unga. Boti ziendazo kasi zilifuata miaka mingi baadaye, familia ikiwa tayari na mtaji, uzoefu na jina.

Sisi tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, biashara itangulie chombo. Anayenunua boti kwa mkopo kabla ya kujua mzigo wake ataulipa mkopo huo kwa kuuza shamba.

Pili, fedha ya boti isiingie chungu kimoja na ya nyumbani. Iwe na daftari lake, na akiba ya mashine. Hisa ziandikwe, pamoja na za mama aliyetoa mtaji, ili baba akifariki boti isigombaniwe.

Tatu, tusizidishe abiria. MV Bukoba mwaka 1996 na MV Spice Islander mwaka 2011 zilizama zikiwa zimebeba watu kupita uwezo wake, na mamia walikufa. Nauli ya watu kumi wa ziada haitoshi hata kununua sanda. Tuwe na orodha ya abiria na jaketi la kuokolea kwa kila mmoja, wala tusiwakwepe wakaguzi wa TASAC.

Abiria wa boti ya familia ni jirani zetu. Wakifika salama leo, kesho watarudi na mzigo.